Klampumita ya shilingi 45,000 katika nyumba ya wapangaji sita na LUKU moja

Nyumba tunayoishi hapa Pasua, Moshi, ina wapangaji sita na LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, iliyofungwa ukutani barazani. Kwa muda mrefu tulichanga sawasawa, kila chumba shilingi elfu kumi, na uniti zilipoisha kabla ya tarehe tulitazamana vibaya. Mwenye jiko la umeme alimnyooshea kidole mwenye friji, mwenye friji akamnyooshea kidole mama wa chumba cha mwisho anayelea vifaranga chini ya taa, na mimi, kwa kuwa ndiye ninayekusanya fedha na kununua uniti kwa simu, nilibaki kusikiliza malalamiko ya wote. Ndipo nikaamua kununua kifaa cha kupimia. Nimekitumia kwa miezi mitatu, na naona sasa ninayo ya kutosha kumwambia yeyote anayefikiria kununua chake.

Nilikinunua katika duka la vifaa vya umeme karibu na soko la Mbuyuni. Nilipoingia nilikusudia kuchukua zile mita ndogo za njano ambazo usoni huandikwa DT830, kwa kuwa ndizo za bei nafuu na ndizo nilizoziona mikononi mwa vijana wengi wanaotengeneza redio. Muuzaji aliniuliza nataka kupima nini. Nilipomweleza kwamba nataka kujua pasi au birika linakula umeme kiasi gani likiwa linafanya kazi, alinishauri niiache ile ya njano, na nikiri kwamba ushauri huo uliniokolea fedha. Mita hiyo hupima volti za umeme wa nyumbani bila shida, lakini tundu lake la ampea 10 ni la umeme wa betri tu. Mkondo geu, yaani huu unaotoka kwenye soketi, haiupimi kabisa. Anayetaka kutafuta wati anahitaji vitu viwili kwa pamoja, volteji (msukumo wa umeme, kwa volti) na mkondo (umeme unaopita, kwa ampea), na mita ya njano humpa kimoja.

Klampumita, ambayo ndiyo niliyoichukua badala yake, ina taya mbili zinazofunguka kama koleo. Unazizungushia waya mmoja wenye ganda lake, bila kukata wala kugusa shaba, nayo inasoma ampea zinazopita ndani kwa kuhisi usumaku unaouzunguka waya huo. Yangu ina kipimo cha chini cha ampea 20 chenye desimali mbili, cha juu cha ampea 600, pamoja na vipimo vya volti na omu kwa kutumia waya zake mbili za kupimia. Kwa volti na ampea hizo hesabu ni fupi: ukitaka wati unazidisha volti kwa ampea, na ukitaka ukinzani, yaani jinsi kifaa kinavyouzuia mkondo, kwa omu, unagawanya volti kwa ampea. Hayo tulifundishwa sekondari, tukayaandika kwenye mtihani, tukayaacha huko. Mimi yalinirudia barazani, mbele ya watu sita waliokuwa wanadaiana.

Jambo la kwanza ambalo karatasi ya maelekezo haielezi vizuri ni kwamba taya zisizungushwe kwenye kebo nzima ya kifaa. Ndani ya kebo mkondo huenda kwa waya wa moto na kurudi kwa nyutro, usumaku wa waya mmoja unafuta wa mwenzake, na mita inaandika sifuri wakati birika linatokota. Nilidhani nimeuziwa mita mbovu. Fundi wa umeme wa mtaani kwetu alinitengenezea ekstensheni fupi ambayo waya wake wa moto umetengwa na wenzake na umeachwa mrefu kwa mita mbili hivi, ganda lake likiwa zima, na tangu hapo kila kifaa ninakichomeka kwenye ekstensheni hiyo na taya ninazizungushia waya huo mmoja. Alinitoza shilingi 12,000 pamoja na vifaa. Anayepiga hesabu ya gharama na azijumlishe humo, kwa maana bila ekstensheni ya namna hiyo klampumita nyumbani haina kazi kubwa.

Sasa niseme habari ya taa ya vifaranga, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifanya niithamini mita hii.

Kijana wa chumba cha nne ana mita ya njano. Kabla sijanunua yangu, aliichomoa taa ya yule mama, akagusisha ncha za mita kwenye kitako chake, na mita ikasoma omu 40. Akachukua volti 226 zilizokuwapo siku hiyo, akazizidisha zenyewe kwa zenyewe, akagawanya kwa 40, akapata wati 1,277. Akatangaza mbele ya watu kwamba taa moja inakula umeme kuliko pasi. Mama alijitetea kwamba kwenye boksi pameandikwa wati 100, akajibiwa kwamba maandishi ya boksi si ya kuaminiwa. Siku niliyorudi na klampumita aliniambia, "Kaka, pima, na uwaite wote waje waone." Ekstensheni ilipokuwa tayari nikawaita. Nilichomeka taa ile kwenye ekstensheni, ikawaka, nikauzungusha waya wa moto mara kumi ndani ya taya kwa sababu nitakayoieleza chini, na kioo kikasoma 4.30. Ukigawanya kwa mizunguko kumi ni ampea 0.43. Volti zilikuwa 226. Wati ni 226 mara 0.43, yaani 97. Ukinzani ni 226 gawanya kwa 0.43, yaani omu 526 hivi, zaidi ya mara kumi na tatu ya zile omu 40.

Kijana hakukosea kanuni. Volteji ikizidishwa yenyewe kisha ikagawanywa kwa ukinzani hutoa wati, na hesabu yake ilikuwa safi. Kilichokosewa ni kwamba ukinzani alioupima ni wa taa iliyopoa. Waya mwembamba ulio ndani ya taa ya aina hiyo ni wa tungisteni, nao ukiwaka hufikia joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za sentigredi, na kadiri metali hiyo inavyopata joto ndivyo ukinzani wake unavyopanda. Omu 40 ni za taa iliyolala mezani. Omu 526 ni za taa inayolea vifaranga, na LUKU inahesabu hii inayolea vifaranga. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kipimo cha omu kilichomo ndani ya mita yoyote, yangu ikiwamo, kisitumike kutafutia wati za taa. Chukua volti na ampea kifaa kikiwa kazini, kisha ukokotoe. Waya wa hita, pasi na birika hautofautiani sana ukiwa wa moto au wa baridi, kwa hiyo huko kipimo cha omu hukaribia ukweli. Taa ya namna ile ndiyo inayodanganya kupita kiasi.

Hata hivyo sikuweza kumwondolea mama yule mchango wote. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja, hivyo taa ya wati 97 ikiwaka saa 24 inatumia uniti 2.33, na kwa bei tunayonunulia, takribani shilingi 356 kwa uniti kodi na tozo zikiwamo, hiyo ni kama shilingi 829 kwa siku. Jiko la sahani moja la jirani yake lilisoma volti 226 na ampea 6.40, yaani wati 1,446, jambo lililowashtua wengi, lakini analiwasha kwa dakika arobaini tu jioni, na kwa dakika hizo linatumia uniti 0.96. Kwa hiyo jiko lenye wati mara kumi na tano ya taa linatumia chini ya nusu ya uniti za taa kwa siku. Mama alizitazama namba hizo kwa muda, akasema vifaranga vikifikisha majuma manne ataizima mchana. Alifanya hivyo.

Kuhusu mizunguko kumi: karatasi ya mita yangu inataja kosa la asilimia 2.5 ya kinachosomwa pamoja na tano katika tarakimu ya mwisho. Kwenye kipimo chenye desimali mbili tano hiyo ni ampea 0.05. Ukipima birika la karibu ampea 9, hizo 0.05 si kitu. Ukipima ampea 0.43 kwa mzunguko mmoja, kosa linaweza kufika ampea 0.06, karibu asilimia 14, na hapo wati zako zinayumba. Ukiupitisha waya mara kumi ndani ya taya, mita inaona mkondo mara kumi, kosa linashuka hadi kama asilimia 4, na wewe unagawanya kwa kumi mwishoni. Njia hii haigharimu chochote ila urefu wa waya, na ndiyo sababu nilimwomba fundi aniachie waya mrefu wa mita mbili.

Nilitaka pia kujua kama mita yenyewe inasema kweli, maana sikuwa na nyingine ya kulinganisha. Kwenye uso wa LUKU yetu pameandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kitaa chake chekundu humweka mara 1,000 kwa kila uniti. Asubuhi moja niliomba kila mtu azime kila kitu, nikaacha birika langu peke yake. Mita ilisoma volti 231 na ampea 8.70, yaani wati 2,010. Kwa wati hizo kitaa kinapaswa kumweka kila baada ya sekunde 1.79, hivyo mimweko ishirini ichukue kama sekunde 35.8. Nilihesabu kwa saa ya simu, zikawa 36. Kwa kifaa cha bei hii sikutegemea kifike hapo. Huenda LUKU yako imeandikwa namba nyingine, hivyo isome kwanza kabla ya kuhesabu.

Birika hilo hilo lilinifundisha jambo kuhusu jioni zetu. Mnamo saa mbili usiku, watu wote wakiwa wanapika na kupiga pasi, volti hapa kwetu hushuka. Jioni moja zilikuwa 201. Ampea nazo zilishuka hadi 7.57. Ukigawanya unapata omu 26.55, zile zile za asubuhi, kwa kuwa 231 gawanya kwa 8.70 ni hizo hizo. Waya wa birika haujabadilika, kilichobadilika ni msukumo. Lakini wati zimekuwa 1,522 badala ya 2,010: volteji imepungua kwa asilimia 13, nguvu imepungua kwa asilimia 24, kwa sababu volteji ikishuka inaushusha mkondo pamoja nayo, na vyote viwili vinazidishwa. Lita moja na nusu ya maji iliyotokota kwa dakika 4 na sekunde 20 asubuhi ilichukua dakika 5 na sekunde 50 usiku. Wengi wetu tuliamini kwamba umeme mdogo unamaliza uniti haraka. Nikapiga hesabu: asubuhi uniti 0.145, usiku uniti 0.148. Tofauti ni ya joto linalopotea birika likikaa muda mrefu zaidi, basi.

Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyechapisha uhusiano huu wa volteji, mkondo na ukinzani mwaka 1827, naye alisumbuliwa na chanzo cha umeme kisichotulia. Betri za wakati wake zilipungua nguvu katikati ya kupima, na vipimo vyake vilinyooka pale alipoziacha na kutumia umeme unaotokana na tofauti ya joto kati ya metali mbili, ambao ulitulia. Ninayapenda sana maelezo hayo kila ninapotazama namba za volti zikicheza kwenye kioo changu, na yamenipa desturi ya kusoma volti na ampea katika dakika ile ile, kamwe si volti za asubuhi na ampea za jioni.

Faida nyingine niliipata dukani, ingawa si katika duka nililonunulia mita. Nilinunua koili ya kuchovya ya kuchemshia maji ya kuoga, imeandikwa wati 1,500. Ndoo ilichelewa kupata moto hata asubuhi, wakati volti ni nzuri. Nilipoipima ilisoma volti 224 na ampea 4.40. Hizo ni wati 986, na ukinzani wake ni omu 51. Hata ungeipa volti 230 kamili, wati zake zisingezidi 1,040. Ili ifike 1,500 kwa volti 230 ukinzani ulipaswa kuwa omu 35 hivi. Nilirudi nayo pamoja na mita na ekstensheni, nikamwomba muuzaji tuipime pamoja kwenye ndoo yake ya maji. Aliangalia kioo, akaniambia, "Mwalimu, hii namba siibishii," akanirudishia fedha. Mimi si mwalimu, ila nilifurahi kwamba namba ilimaliza mazungumzo ambayo kwa maneno matupu yangegeuka ugomvi.

Mahali ambapo mita hii imenishinda ni kwenye friji, na ni lazima niseme wazi. Ilisoma volti 227 na ampea 0.95, ambazo ukizizidisha unapata 216, wakati kibandiko cha friji kinasema wati 120. Mwenye friji alikuwa tayari kulipa kwa hesabu ya 216. Nikazima kila kitu kingine, nikahesabu mimweko ya LUKU: mimweko kumi ilichukua dakika 4 na sekunde 48, ambayo ni wati 125. Friji ina mota, na katika mota mkondo hauendi sambamba na volteji, unachelewa nyuma yake, hivyo sehemu ya mkondo huo huenda na kurudi bila kufanya kazi inayohesabiwa na LUKU. Kuzidisha volti kwa ampea kunatoa wati za kweli kwa vitu vya kupasha joto na taa za waya. Kwa friji, feni, pampu na hata taa za LED, jibu hutoka kubwa kuliko wati halisi. Klampumita za bei ya juu zinaweza kusoma wati halisi zenyewe. Yangu haiwezi, na duka halikuniambia. Tungemtoza jirani yetu karibu mara mbili.

Kasoro nyingine ni ndogo, lakini zipo. Waya za kupimia ni nyepesi mno na moja ilikatika ndani ya ganda katika mwezi wa pili, ikawa mita inasoma volti kwa kubahatisha. Nilinunua nyingine kwa shilingi 6,000. Taya zikiwa tupu kioo wakati mwingine huonyesha 0.02 au 0.03 badala ya sifuri, hivyo ninabonyeza kitufe cha kusawazisha kabla ya kila kipimo. Hujizima baada ya dakika kumi na tano, jambo linalookoa betri lakini linaudhi unapotaka kuona jinsi pasi inavyojiwasha na kujizima. Karatasi ya maelekezo haina neno hata moja la Kiswahili.

Na kuhusu usalama, sipimi kwenye boksi la swichi kuu, na simshauri asiye fundi afanye hivyo. Ubavuni mwa mita pameandikwa CAT III 600V, alama ya kiwango cha usalama wake, lakini sina namna ya kuyathibitisha maandishi hayo kwa mita ya bei hii, na mimi huishia kwenye soketi. Aliyezoea mita ya njano awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa waya wake mwekundu ukisahaulika kwenye tundu la ampea 10, kisha ukaingizwa kwenye soketi kwa nia ya kupima volti, umeupa umeme njia tupu yenye ukinzani mdogo mno, na unachopata ni cheche na mita iliyoungua mkononi. Klampumita haina tundu hilo la ampea, na kwangu mimi hiyo peke yake ni sababu ya kuichagua.

Kwa shilingi 45,000, pamoja na 12,000 za ekstensheni na 6,000 za waya, nimetumia shilingi 63,000, na wenzangu walinirudishia sehemu yake bila kuombwa. Sasa kwenye ukuta wa baraza, chini ya LUKU, pana karatasi yenye jina la kila kifaa, wati zake na saa zake kwa siku, na mchango wa kila chumba unatoka humo. Mimi mwenyewe nimepandishwa hadi shilingi 13,500, kwa sababu ya birika.

Ukienda kununua, mwombe muuzaji achomeke birika au pasi hapo hapo dukani. Zungusha taya kwenye kebo nzima uone sifuri, kisha kwenye waya mmoja uone ampea, uzidishe kwa volti zilizosomwa dakika hiyo hiyo, ulinganishe na kibandiko cha kifaa, na uangalie kwamba mita ina kipimo cha ampea 20 au chini yake. Zile zinazoanzia ampea 200 ni za mafundi wa mashine kubwa. Taa ya vifaranga hazitaisoma vizuri.